Kuku wa Nyumba Saba

Mwaka ule korosho zilianza kudondoka mapema, na kuku walianza kufa kabla watu hawajamaliza kufyeka chini ya mikorosho. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa madrasa katika kijiji kimoja upande wa Mbekenyera, na pia mjumbe wa baraza la usuluhishi la kijiji, kazi niliyopewa kwa sababu mvi ziliniwahi kuliko hekima.

Ugonjwa wenyewe tuliufahamu. Ni mdondo. Kuku anajikunyata, anakunya kijani, shingo inampinda kama anayetazama kitu kilicho nyuma yake, na kesho yake hayupo. Ulikuwa ukija karibu kila kiangazi, nasi tuliuvumilia kama tunavyovumilia vumbi. Lakini mwaka ule palikuwa na jambo jipya kijijini, na kifo kinapokuta jambo jipya, watu hawatazami kwingine.

Jambo jipya lilikuwa mwanamke. Alikuwa mama wa Kimakua aliyevuka Ruvuma na mumewe wakati wa vita vya kwao. Walikaa Nachingwea miaka kadhaa, mume akafia huko, naye akahamia kwetu kulima ufuta. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na alikitumia kwa uangalifu kama mtu anayevaa nguo ya kuazima. Bwana mifugo, kijana wa Kiyao aliyekuwa akitujia kwa baiskeli kutoka Ruangwa mjini, alimfundisha kuwatia kuku dawa ya kinga: tone moja katika jicho moja, kisha kurudia baada ya miezi michache. Alimchagua yeye kwa sababu mkono wake hautetemeki, na kwa sababu sisi wengine tulikataa. Mwanamume mzima kumkumbatia kuku wa jirani na kumtazama machoni, tuliona ni kichekesho.

Wakamwita Mama Matone. Watani zake walimuuliza kama anayo dawa ya mume mvivu. Akawajibu kwamba anayo, ila haitiwi jichoni. Hiyo ni kumnyima ugali siku tatu. Walicheka naye. Naandika hilo ili ijulikane kwamba kulikuwa na wakati walicheka naye.

Nyumba kumi za kitongoji cha chini zilikubali dawa. Nyumba kumi za kitongoji cha juu zilisema zitangoja zione. Bwana mifugo hakukasirika. Alisema ni vizuri, atapata pande mbili za kulinganisha.

Hazikupita wiki tatu, kuku wa kitongoji cha chini wakaanza kufa. Walikufa wengi, na kwa pamoja. Kitongoji cha juu walikufa pia, lakini mmoja hapa, wawili pale.

Bwana mifugo alikuja kwangu na daftari lake, uso umemshuka. Aliniomba nifuatane naye kwa wenye kuku, akisema mtu anaweza kumdanganya mtumishi wa serikali lakini hatamdanganya aliyemfundishia mwanawe Kurani. Nikakubali. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, watu wengi wa kitongoji cha chini walikuwa wamehamia kwenye mashamba yao ya mbali, wanalala kwenye vibanda vya nyasi ili waokote korosho kabla ya wezi. Tuliwafuata huko huko, shamba kwa shamba. Kwetu mali huulizwa mwenyewe. Hata akiwa mbali nayo siku nzima ya kutembea, ni utovu wa adabu kumuuliza mwingine. Tukawauliza wenyewe: ulikuwa na kuku wangapi, wamebaki wangapi. Wakajibu, naye akaandika.

Siku ya pili tulikaa barazani kwangu. Alinieleza kwamba idadi alizopewa haziamini sana, maana mmoja anahesabu vifaranga na mwingine hahesabu. Lakini nani amepoteza zaidi kuliko nani, hilo haliwezi kufichika. Kwa hiyo aliacha idadi, akazipanga nyumba zote ishirini kwa mfuatano, kuanzia iliyopoteza kidogo kabisa hadi iliyopoteza zaidi. Akakata vipande ishirini vya karatasi, akaviandika moja hadi ishirini. Nambari kubwa ni hasara kubwa. Akajumlisha nambari za nyumba zilizotiwa dawa. Jumla ikawa kubwa mno.

"Sasa tuulize kama ni bahati tu," alisema. Akaomba kofia yangu.

Tuliviweka vipande vyote ndani ya kofia, tukavichanganya, tukatoa kumi bila kutazama, tukajumlisha, tukaandika. Tukavirudisha, tukachanganya tena. Alisema kama dawa si kitu, basi kumi za chini ni kumi zozote tu, na kofia itatupa jumla kama ile mara kwa mara. Tulifanya hivyo mara mia. Jua lilitoka upande mmoja wa baraza likaingia upande mwingine. Katika mara mia, jumla kubwa kiasi kile ilitoka mara moja tu.

Alisema, "Mwalimu, hii si bahati."

"Ni nini basi?"

"Hesabu haisemi ni nini. Inasema tu kwamba pande hizi mbili hazifanani."

Maneno mawili hayo aliyatoa pamoja. Mimi nilichukua la kwanza nikaliacha la pili.

Ijumaa, baada ya swala, watu waliniomba niseme lolote nijualo kuhusu vifo vile. Nilisimama. Nilisema tumepima kwa uadilifu, bila chuki na mtu, na tumeona si bahati. Sikumtaja mwanamke. Hakuna aliyeuliza ninamsema nani. Walitoka msikitini taratibu kuliko kawaida, wakivaa viatu bila kuongea, na ule ukimya niliuchukua kuwa ni heshima kwangu. Mungu anisamehe.

Kuanzia siku hiyo mambo yalikwenda kama maji yanayopanda kisimani, huyaoni yakitembea. Ndoo ya Mama Matone, aliyoiweka ya tatu kwenye foleni ya bomba, alirudi akaikuta ya mwisho. Asubuhi moja alikuta mstari wa majivu umechorwa mlangoni kwake kutoka nguzo hadi nguzo. Watoto waliokuwa wakimbebea tenga la kazi waliitwa na mama zao. Mtu mmoja alisema amemwona akinong'ona kabla ya kutia tone. Kufikia Jumatatu watu wanane walikuwa wamemwona.

Jumanne mwenyekiti wa kijiji alikuja kwangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kijiji chake. Alinieleza kwamba wazee wameamua aitwe mganga kutoka mbali, Alhamisi mchana, amnyoe Mama Matone. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba mtu anayedhaniwa kuua kwa siri hupelekwa kwa mganga akanyolewa nywele mbele ya watu, akanyweshwa dawa, ili uwezo wake ufe. Aliyenyolewa hapigwi. Lakini harudi kuwa mtu. Hapewi moto, haalikwi kwenye msiba, na wengi huondoka usiku bila kuaga. Wengine hawafiki wanakokwenda. Mwenyekiti alitaka nifungue shughuli kwa dua, ili lifanyike kwa heshima.

Nikamwambia nitafikiri. Sikukataa. Naandika na hilo pia.

Jioni ile mwanamke mwenyewe alikuja. Alisimama nje ya baraza, hakutaka kukaa.

"Mwalimu, ulisema nimeua kuku?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

Nikamrudia maneno yangu ya Ijumaa, yote, kama yalivyokuwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafsiri kwanza ndani yake.

"Basi watu wamesikia vizuri," alisema. Akaondoka.

Jumatano sikuweza kula. Mke wangu aliondoa sahani, akaniuliza naumwa nini. Nilimweleza habari ya karatasi, nyumba kumi za chini na nambari zao, na jinsi saba kati ya hizo zilivyoshika mkia wote, kumi na nne hadi ishirini, bila hata nyumba moja ya juu kuingia katikati. Nilimtajia zile saba. Alikuwa akisugua sufuria. Akaacha.

"Hao wote kuku wao wako kwa bibi," alisema.

Bibi huyo tulimwita bibi kijiji kizima. Alikuwa mjane mkongwe, kungwi wa zamani, mwenye banda kubwa la kuku nyuma ya nyumba. Nikamuuliza mke wangu ana maana gani.

"Wanapohamia kwenye korosho kuku wanawaachia bibi. Kule porini kicheche anawamaliza. Kila mwaka wanafanya hivyo, bibi anachukua mayai yake, basi. Mimi mwenyewe nimempelekea pumba. Wewe hukujua?"

Sikujua. Mambo ya kuku ni ya wanawake, nami nilikwenda kuwauliza wanaume mashambani.

"Nyumba zile nyingine tatu?"

"Hao hawakuhama. Mashamba yao si haya hapa?" Akaendelea kusugua. "Mliandika kuku ni wa nani. Hamkuandika wanalala wapi."

Kilichonijia ni sauti ya shehe aliyenisomesha Nachingwea nikiwa kijana, mzee mkali aliyetufundisha jinsi ya kupima habari. Alituambia watu kumi wakikuletea habari moja, usifurahie wingi wao. Muulize kila mmoja ameisikia kwa nani. Wote kumi wakikutajia mtu mmoja, basi hukuletewa habari kumi. Umeletewa moja, na vinywa kumi. Nililijua hilo kwa moyo, nimelifundisha miaka ishirini, na siku nilipolihitaji nililiacha ndani ya kitabu. Ugonjwa ukiingia katika banda moja huenda kwa kuku wote humo. Nyumba saba zilikuwa zimelala chini ya paa moja, zikavuta pumzi moja, zikafa kifo kimoja. Nami nilisimama mbele ya watu nikazihesabu kuwa mashahidi saba.

Niliazima baiskeli nikaenda Ruangwa mchana ule ule. Bwana mifugo nilimkuta nyumbani kwake. Nilipomweleza alishika kichwa.

"Walitufundisha hili chuoni," alisema. "Kila karatasi lazima isimame peke yake. Nikadhani nyumba ni nyumba."

Alifuatana nami, na Alhamisi asubuhi tulikaa tena barazani. Safari hii karatasi saba tulizifunga pamoja kwa uzi mweusi wa mke wangu. Zikienda, ziende zote. Tukarusha shilingi kuamua fungu liangukie upande upi, kisha tukajaza kila upande kutoka kofiani hadi zitimie kumi. Tukajumlisha. Tukarudia mara mia, haraka, maana watu walikwisha anza kupita njiani kwenda uwanjani, na kila aliyepita alitutazama. Ile jumla iliyotoka mara moja katika mia sasa ilitoka karibu mara moja katika kila tatu. Fungu likiangukia chini, upande wa chini unaonekana umelaaniwa. Likiangukia juu, laana inahamia juu.

"Ina maana dawa ni nzuri?" nilimuuliza.

"Haina maana hiyo. Ina maana hatujui."

Uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, mganga alikwisha kaa kwenye kiti kirefu, mfuko wake magotini. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye wembe mpya ndani ya karatasi yake. Mama Matone alikaa chini peke yake, amefunga kitambaa kichwani. Hakuna aliyekaa karibu naye hatua kumi kila upande. Mwenyekiti akaniita nifungue kwa dua.

Nilisema kabla ya dua nina deni la maneno. Niliwaambia kwamba Ijumaa nilikosea, na nikawaeleza kosa: kwamba tuliuliza wenye kuku wala hatukuuliza banda. Nikazitaja nyumba saba. Nikamwita kila mwenye nyumba asimame aseme kuku wake walilala wapi. Walisimama mmoja mmoja, na kila mmoja akasema, kwa bibi. Wa tano alianza kuona haya. Kisha nikawauliza waliomwona mama huyu akinong'ona. Wanane. Nikamuuliza kila mmoja kama alimwona kwa macho yake au alisikia. Saba walisikia. Wa nane akasema alimwona kwa mbali, mdomo unatembea.

"Nilikuwa nahesabu kuku," alisema Mama Matone kutoka pale chini. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile. "Kwa Kimakua. Kwa Kiswahili napotea nikipita ishirini."

Watu kadhaa walicheka, na nikahisi jambo limelegea. Nikamshukuru Mungu moyoni. Nilishukuru mapema.

Mtu mmoja wa kitongoji cha juu alisema, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo kifo kilikuwa kwa bibi."

Sijasahau jinsi vichwa vilivyogeuka. Vyote, pamoja, kama mtama upepo unapobadilika. Bibi alikuwa amekaa ukutani na ugoro wake. Mganga naye aligeuka taratibu akamtazama, akaupanga upya mfuko magotini. Nilikuwa nimemtoa mwanamke mmoja chini ya wembe, na kwa maneno yangu mwenyewe nimeuelekeza wembe ule ule kwa mwingine.

Mwenyekiti alinitazama. "Mwalimu, ndivyo?"

Nilikuwa mtu wa kuulizwa na kujibu. Ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu. "Sijui," nilisema. "Kuku waliolala pamoja wamekufa pamoja. Hilo ni tukio moja. Tukio moja halitoshi kumhukumu mtu. Si yule, si huyu. Anayetaka kumhukumu bibi alete shahidi wa pili, asiyelala banda lile. Mimi sina."

Nikaona hawajatosheka. Ndipo bibi alipofunga kikopo chake cha ugoro.

"Kuku anayesinzia aliniletea nani?" aliuliza. "Si nyie? Mlimwaga matenga mlangoni kwangu mkakimbilia korosho zenu. Hata hamkusema huyu anaumwa. Nimelala na harufu ya mizoga yenu wiki nzima, nikichimba mashimo kwa mikono hii. Kama kunyoa, haya, ninyoeni, nimebakiwa na nywele sita. Lakini mwakani kila mtu alale na kuku wake."

Hawakucheka. Walitazama chini, na wale wenye nyumba saba walitazama chini zaidi, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kumsaidia kuzika. Mwenyekiti alisema shughuli imeahirishwa. Hakusema imefutwa. Mganga aliurudisha wembe katika karatasi yake, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akaomba aonyeshwe njia.

Mama Matone hakunyolewa, wala siku hiyo wala baadaye. Alikaa nasi miaka mingine mingi, hadi mwanawe alipomchukua kwenda kuishi naye Nachingwea, na aliondoka mchana, kwa kuagwa. Lakini hayo nayajua leo. Siku ile sikuyajua. Usiku kijiji hakikuwa na sauti ya ngoma wala ya kinu, na mke wangu alifunga mlango kwa gogo, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya.

Kulipokucha niliwakamata kuku wangu wote, tisa na jogoo, nikawafunga miguu, nikawatia katika matenga mawili, nikayabeba katikati ya kijiji watu wakiwa wanafagia. Nilikwenda hadi kwa bibi. Banda lilikuwa limefagiliwa na kumwagwa majivu, tupu. Mama Matone alikuwapo tayari, ameleta kichupa chake cha dawa ndani ya chungu cha mchanga wenye maji, kisipate joto. Sikumwita, alikuja mwenyewe kumtazama bibi.

Nilimwambia nataka wangu watiwe dawa, na wabaki hapa hapa bandani kwa bibi mpaka kinga ishike, kijiji kizima kikiona.

"Huu ugonjwa unaweza kuwa bado umo," alisema. "Wakifa, watasema tena. Watasema na wewe."

Nyuma ya uzio nilisikia fagio zimenyamaza, moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, unaogopa?"

"Naogopa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha mikono. Nikamfungua jogoo, nikambana mbawa kifuani kwangu, nikakigeuza kichwa chake pembeni mpaka jicho likawa juu, jekundu, likitutazama sote wawili. Akasoma bismillahi kwa sauti ili walio nje wasikie, ingawa alikuwa Mkristo, akainamisha kichupa.